Madirisha ya Darasa Yafunguliwe, Hata Wakati wa Baridi

Muhula wa pili wa masomo huangukia miezi ya baridi kali zaidi katika Kaunti ya Nakuru. Kuanzia Juni hadi Agosti, maeneo ya Molo, Elburgon, Mau Narok, Keringet na Olenguruone huamka katika ukungu, na mwalimu anayeingia darasani saa mbili asubuhi huwakuta watoto wamejikunyata ndani ya sweta. Jambo la kwanza linalofanywa ni kufunga madirisha. Palipo na kioo kilichovunjika, pengo huzibwa kwa katoni au gunia. Nia ni njema, kwani hakuna anayependa kumwona mtoto wa miaka mitano akitetemeka mbele ya kitabu.

Kikohozi kikianza kuzunguka darasa zima, lawama hupewa baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Virusi vya mafua havitoki kwenye ukungu wa Mau. Hutoka kwenye pua na vinywa vya watu, na husambaa kwa wepesi zaidi pale watu wengi wanapovuta hewa ile ile ndani ya chumba kilichofungwa.

Hesabu ya hewa

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema darasa la mita 7.5 kwa mita 6 lisizidishe wanafunzi 30 wakikaa kwenye madawati ya mtu mmoja, au 40 wakikaa wawili wawili. Ikiwa dari iko mita 3 kutoka sakafuni, chumba hicho hubeba lita 135,000 za hewa. Zinaonekana nyingi, lakini haziendi mbali.

Mtoto wa shule aliyetulia kwenye dawati hutoa takriban lita 14 za kaboni dioksidi kwa saa. Watoto 40 hutoa lita 560. Hewa ya nje ina karibu sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja, na wataalamu wa majengo huchukulia sehemu 1,000 kuwa dalili kwamba chumba hakipati hewa mpya ya kutosha. Ukipiga hesabu, darasa la watoto 40 lililofungwa kabisa hufika hapo chini ya dakika kumi. Likiwa na watoto 60, ni karibu dakika sita. Kweli, hakuna darasa lisilo na mwanya hata mmoja, na upepo hupenya chini ya mlango na kwenye mabati, kwa hivyo muda halisi huwa mrefu kiasi. Hata hivyo, kipindi kimoja ni dakika 35, na vipindi vya asubuhi hufuatana.

Kaboni dioksidi kwa kiwango hicho si sumu, ingawa huenda ndiyo sababu mojawapo ya watoto kusinzia kabla ya mapumziko ya saa nne. Uzito wake ni kwamba inapima jambo lingine, yaani ni kiasi gani cha pumzi za wenzake anachovuta mtoto mmoja. Katika pumzi hizo mna virusi vya mafua, vya surua kwa mtoto ambaye hajachanjwa, na pale panapokuwa na mgonjwa ambaye hajatibiwa, viini vya kifua kikuu. Chembe zinazobeba viini vya kifua kikuu ni ndogo kiasi kwamba huelea hewani kwa saa kadhaa baada ya mgonjwa kukohoa. Dirisha likiwa wazi, zinaondoka. Likiwa limefungwa, zinabaki zikisubiri.

Mwaka wa 2021, wakati wa janga la korona, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza majengo yanayotumiwa na watu wengi yapate lita 10 za hewa mpya kwa kila mtu, kila sekunde. Kwa darasa la watoto 40 hiyo ni lita 400 kwa sekunde. Hakuna shule ya kawaida Nakuru itakayonunua mitambo ya kuvuta hewa kiasi hicho, na haihitajiki. Madirisha ya pande mbili zinazokabiliana yakifunguliwa, upepo wa Bonde la Ufa hufanya kazi hiyo bila malipo.

Neno muhimu hapo ni pande mbili. Dirisha moja lililo wazi upande mmoja tu hubadilisha hewa ya wale wanaokaa karibu nalo. Pande zote mbili zikifunguliwa kiasi cha shubiri moja, hewa hukatiza chumba kizima. Siku ambayo baridi haivumiliki, kufungua kila kitu kwa dakika tano mwishoni mwa kila kipindi, watoto wakiwa wamesimama au wametoka nje, huondoa sehemu kubwa ya hewa iliyochoka. Kuta na madawati hayapoi kwa dakika tano, hivyo joto hurudi upesi.

Mabweni yana shida hiyo hiyo kwa saa nyingi zaidi, kwani wanafunzi hulala humo usiku kucha. Mwongozo ule wa 2008 unataka vitanda viachane kwa mita 1.2, na madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Masharti ya madirisha yaliwekwa kwa sababu ya moto, na wazazi wa Kenya wanajua kwa uchungu kwa nini. Lakini dirisha linalofunguka kwa urahisi usiku wa moto ni lile lile linalopitisha hewa usiku wa kawaida.

Muhula wa vumbi

Hali hugeuka kati ya Januari na Machi. Wengi husimulia kwamba jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na muhula wa kwanza wa masomo hulithibitisha simulizi hilo kila mwaka. Vumbi huingia kutoka uwanjani, kutoka barabara za murramu, na katika sehemu za Gilgil karibu na Kariandusi, kutoka kwenye udongo mweupe wa diatomaiti. Ndani ya darasa lenyewe kuna vumbi la chaki na la sakafu ya udongo. Halafu kuna ufagio. Darasa linalofagiliwa kavu saa moja na nusu, watoto wakiwa tayari wamefika, huanza siku likiwa na vumbi hewani kuliko sakafuni.

Kunyunyiza maji kabla ya kufagia, au kufagia jioni baada ya watoto kuondoka ili vumbi litue usiku, ni mabadiliko yasiyogharimu shilingi. Kifutio cha chaki kipigwe nje, na isiwe zamu ya mtoto ambaye kifua chake kinajulikana kuwa na shida. Siku za upepo mkali, ni busara kufungua madirisha ya upande usiopigwa na upepo na kuacha mlango wazi. Hapo ushauri wa msimu wa baridi haufuatwi kama ulivyo.

Moshi

Kati ya vyote vinavyochafua hewa ya shule, moshi ndio mbaya zaidi, na ndio uliozoeleka zaidi. Chembe zake zina upana wa maikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo karibu mara thelathini. Kwa udogo huo, chembe hizi hupita vinyweleo vya puani na kufika ndani kabisa ya mapafu, palepale damu inapopokea oksijeni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kwa wastani wa saa 24 hewa isizidishe maikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo. Jiko la kuni lisilo na dohani ndani ya chumba hupandisha kiwango hadi mamia, wakati mwingine maelfu. Shirika hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Jirani zetu wa Laikipia wamo katika kumbukumbu za sayansi kuhusu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55 eneo la Mpala na kufuatilia magonjwa ya kifua ya waliokuwa wakiishi humo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001 katika jarida la The Lancet. Kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi, ndivyo alivyougua zaidi, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Lililoshangaza ni umbo la ongezeko hilo. Madhara yalipanda kwa kasi katika viwango vya chini vya moshi, kisha kasi ikapungua moshi ulipozidi maikrogramu 1,000 hadi 2,000.

Maana yake kwa shule ni ya moja kwa moja. Jikoni penye moshi mzito, kuupunguza kidogo huleta nafuu ndogo. Nafuu kubwa huja moshi unapopungua hadi kuwa kidogo sana. Jiko la kuokoa kuni ambalo bomba lake limetoboka, au bomba lake linaishia chini ya paa, limeokoa kuni tu. Bodi ya shule inapolipia jiko jipya, inafaa iangalie bomba kabla ya kuangalia rangi. Bomba lipite juu ya paa, na lisafishwe masizi kila muhula.

Shule nyingi bado hupika githeri na uji kwa kuni, na moto huwashwa alfajiri. Moshi huelekea kwenye darasa lililo karibu. Kwa hivyo mahali pa jikoni ni suala la afya: jikoni pawe upande ambao upepo wa kawaida hauelekei madarasani, na pasiwe ukuta kwa ukuta na chekechea. Wapishi wenyewe, ambao kwa kawaida hawatajwi katika mikutano ya wazazi, huvuta moshi mwingi kuliko mtu yeyote shuleni. Tangu Julai 2023 gesi ya kupikia haitozwi ushuru wa thamani ya ziada, na shule zinazofanya hesabu ya gharama ya kuni kwa mwaka mzima huenda zikakuta tofauti si kubwa kama zilivyodhani.

Taka za shule zisichomwe saa za masomo, na plastiki zisichomwe kabisa. Wakaazi wanaoishi karibu na jaa la Gioto hawahitaji kuelezwa moshi wa plastiki unavyokwaruza koo.

Kuhusu jiko la makaa ndani ya darasa, kituo cha kulelea watoto au chumba cha kulala, lazima isemwe bila kuzungusha maneno: lisiingizwe, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la kauri hupunguza makaa yanayotumika. Halizuii gesi hii. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Zikionekana kwa watu zaidi ya mmoja chumbani, wote watolewe nje mara moja, milango iachwe wazi, na wapelekwe hospitali. Kila msimu wa baridi ni msimu wa hatari hii. Blanketi, soksi na uji wa moto humpasha mtoto joto bila kumweka hatarini.

Watoto wanaoumwa bila jina la ugonjwa

Utafiti unaofaa kujulikana na kila mzazi wa Nakuru ulifanyika Nairobi. Uliitwa Tupumue, na uliwashirikisha wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na wenzao wa Uingereza. Walichunguza watoto wa shule 2,373 kutoka mitaa miwili iliyo karibu: 1,277 wa Mukuru, makazi ya mabanda, na 1,096 wa Buruburu, mtaa wenye nafuu zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2023.

Mukuru, watoto 9.5 kati ya kila 100 walikuwa wamekoroma kifua katika miezi ya karibuni, sauti kama ya filimbi inayosikika mtoto anapotoa pumzi. Buruburu walikuwa 6.4. Watoto wa Mukuru pia waliripoti kupumua kwa shida zaidi, na dalili zao zilikuwa kali zaidi. Lakini walipoulizwa ni nani aliyeambiwa na daktari kwamba ana pumu, idadi ilipinduka: Buruburu 2.8 kati ya 100, Mukuru 1.2 tu. Penye ugonjwa mwingi ndipo palipokuwa na watoto wachache waliotambuliwa kuwa wagonjwa. Mtaa wowote, dalili zilihusishwa na mambo yale yale: moshi na vumbi, dawa ya mbu ya kuchoma, mtu mzima anayevuta sigara nyumbani, uchomaji wa taka karibu na nyumba, na kuishi kando ya barabara.

Mukuru na Buruburu hazitenganishwi na safari ndefu kuliko ile ya matatu kutoka Kaptembwo hadi Milimani. Nakuru ina barabara kuu ya malori inayopita Naivasha, Gilgil na Salgaa, ina mitaa iliyosongamana, na ina moshi wa taka. Mtoto ambaye kila mwezi hupewa dawa ya kikohozi na kuambiwa ni homa, huenda ana ugonjwa wenye jina na wenye tiba.

Dalili za pumu zinatambulika. Kikohozi huja usiku, alfajiri, au baada ya kukimbia. Hurudi tena na tena. Kifua hubana au kupiga filimbi. Mtoto huyo haitaji kukatazwa mpira. Anahitaji kupimwa. Wapo wanaoamini kwamba pampu ya kuvuta dawa hupewa mgonjwa aliyezidiwa, au kwamba ukiianza hutaiacha. Si kweli. Dawa inayovutwa huenda moja kwa moja kwenye njia za hewa, kwa kipimo kidogo kuliko cha vidonge. Kikwazo ni kwamba mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, ndiyo maana hutumiwa chombo cha kati kinachoishikilia dawa. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kutoshea pampu hufanya kazi hiyo sawa na chombo cha kununua. Mhudumu wa afya anaweza kumwonyesha mzazi namna ya kuitengeneza.

Nimonia ni jambo la haraka zaidi. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano anayekohoa na kupumua mara 40 au zaidi kwa dakika, akiwa ametulia, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni mara 50. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, shati likiwa limefunuliwa. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea, asisubiri asubuhi. Chanjo ya kinga dhidi ya aina kuu ya viini vya nimonia imekuwa ikitolewa bila malipo nchini tangu 2011.

Nani anahusika

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, inazipa kaunti elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto, vituo vya afya vya kaunti na udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mzazi mwenye malalamiko kuhusu darasa la chekechea la umma aende kwa ofisi ya elimu ya kaunti katika wadi yake. Akiwa na mtoto katika Gredi ya 4 au Sekondari Msingi, aanzie kwa bodi ya shule na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo iliyo chini ya wizara. Msongamano umeongezeka katika baadhi ya shule za msingi tangu Sekondari Msingi ilipowekwa humo mwaka wa 2023, na ni jambo halali kuulizia katika mkutano wa wazazi.

Afya, hata hivyo, haigawanywi kwa namna hiyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu msongamano na ukosefu wa hewa katika jengo kuwa kero inayoweza kuchukuliwa hatua, na afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kukagua shule yoyote, ya umma au ya kibinafsi. Mkaazi anaweza kuripoti kwake au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake moshi unaoingia madarasani, madirisha yaliyopigiliwa misumari, au kituo cha watoto kinachotumia jiko la makaa ndani. Huduma katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na hazina ya afya ya msingi kwa waliojisajili na SHA. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Nakuru ambayo wengi bado huiita PGH.

Mapafu ya mtoto huendelea kukua hadi mwisho wa ujana. Kusini mwa California, watafiti waliwafuatilia watoto wa vizazi vitatu vya shule wakati hewa ya huko ilipokuwa ikisafishwa kwa sheria, na mwaka wa 2015 wakaripoti kwamba watoto waliokua katika miaka ya hewa safi walikuwa na mapafu yenye nguvu kuliko waliowatangulia katika miji ile ile. Mtoto anayeanza chekechea Kuresoi mwaka huu ana zaidi ya miaka kumi ya kukuza mapafu yake, mingi ya miaka hiyo akiwa ndani ya darasa.